Kapteni Joubert wa Mpala na Upanga wa Mtawala Mkristu

Katika jamaa nyingi za Kikatoliki huulizwa swali hili, hasa nyakati za uchaguzi au kiongozi anapodhulumu watu wake: mamlaka ya mtawala yatoka wapi, na yakoma wapi? Wengine hudhani kwamba kwa kuwa mamlaka yote yatoka kwa Mungu, basi mtawala hawezi kuulizwa neno. Wengine husema kwamba kama Kanisa lingeshika serikali, dhuluma ingekwisha mara moja. Hayo yote mawili yana makosa, na wataalamu wa elimu ya Mungu wa karne za kati waliyapima zamani sana. Nasi hatuna haja ya kusafiri hadi Ulaya kutafuta mfano. Mfano upo katika Ziwa Tanganyika, ziwa lilelile ambalo watu wa Katubuka, wa Ujiji na wa Kigoma nzima huliona kila siku. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, utawala wa Kikristu ulijaribiwa kweli, nao ulikabidhiwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Kapteni Leopoldo Joubert, na leo twataka kuyakumbuka maisha yake.

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, katika magharibi ya Ufaransa. Nchi ile ilikuwa ya wakulima wenye imani nzito. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alikwenda Italia kulitumikia jeshi la Baba Mtakatifu Pio IX. Wakati ule Papa alikuwa bado mtawala wa nchi kama wafalme wengine, na nchi zake zilikuwa zikinyang'anywa kipande kwa kipande na wale waliotaka kuiunganisha Italia yote chini ya mfalme mmoja. Vijana Wakatoliki toka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na kwingineko walikwenda kumpigania, wakaitwa Zouave wa Papa. Joubert alipanda cheo akawa kapteni. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia liliingia Roma, na dola ya Papa ikaisha. Joubert akarudi kwao akiwa na umri wa miaka 28, akiwa amepoteza ufalme alioutumikia miaka kumi.

Wakati huohuo kulikuwa Afrika ya Kaskazini na mtu mwingine mwenye mawazo makubwa. Huyu ni Karoli Lavigerie, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Algeri tangu mwaka 1867, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1878 Lavigerie alipeleka Roma maandiko ya siri juu ya uenezaji wa Injili katika nchi za katikati ya Afrika. Ndani yake lilikuwamo wazo la kusaidia kusimamisha ufalme wa Kikristu katika moyo wa bara hili, ambamo mtawala mmoja Mkristu angewalinda watu na kuikomesha biashara ya watumwa. Naye alijua watu wa kufaa kazi hiyo wapatikana wapi: miongoni mwa wale askari wa Papa waliokosa kazi tangu mwaka 1870.

Wazo hilo halikuzuka hewani. Huko Kartago, karibu na mji wa Tunis, Lavigerie alitunza mahali alipofia Mtakatifu Ludoviko wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, tarehe 25 Agosti 1270. Ludoviko alikuwa kwa Wakatoliki wa Ufaransa kielelezo cha mfalme Mkristu. Aliwasikiliza maskini na kuamua kesi zao. Mwaka 1247 alituma watu waende majimboni kupokea malalamiko ya raia juu ya maofisa wake mwenyewe, na mwaka 1254 akatoa amri za kuwazuia maofisa hao wasile rushwa wala kuonea watu. Hakukosa doa, maana amri zake juu ya Wayahudi zilikuwa kali na zenye kuumiza. Lakini alijua kwamba yeye pia yuko chini ya sheria ya Mungu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1297.

Basi hapa yatupasa kueleza walimu wa nyakati zile walifundisha nini juu ya utawala. Msingi uliwekwa na Mwafrika, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyefariki mwaka 430. Yeye alifundisha kwamba dola ikiondolewa haki, hakuna tofauti kati yake na genge la wanyang'anyi, ila genge lile ni dogo na dola ni kubwa. Baadaye, mwaka 494, Papa Gelasio alimwandikia Kaisari Anastasio kwamba ulimwengu waongozwa na mamlaka mbili, ya maaskofu na ya wafalme. Kila moja ina kazi yake, lakini mzigo wa maaskofu ni mzito zaidi, kwa kuwa siku ya hukumu watatoa hesabu hata kwa ajili ya wafalme. Na Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 uliwakataza mapadre kutoa hukumu ya kifo au kuitimiza. Upanga basi ukabaki mkononi mwa mlei.

Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi siku zilezile za mfalme Ludoviko na kufundisha katika mji wake wa Paris. Katika kitabu alichomwandikia mfalme wa Kipro, Tomaso alilinganisha taifa na chombo majini. Mtu wa ziwani ataelewa upesi. Upepo huvuta huku na huku. Pasipo mshika usukani chombo hakifiki bandarini. Na tena, fundi akizibaye chombo kisivuje si yule akifikishaye mwisho wa safari. Mtawala ashughulika na amani, chakula na haki za watu waishi pamoja kwa wema. Kuwafikisha kwenye bandari ya mwisho, ambayo ni Mungu, kumewekwa mikononi mwa Kristu na makuhani wake. Alama ya kumpambanua mfalme na mdhalimu ni moja tu: mfalme hutafuta manufaa ya wote, mdhalimu hutafuta ya kwake. Na katika kitabu kingine Tomaso aliongeza neno la maana sana. Mamlaka yaweza kuharibika kwa njia mbili: kwa jinsi yalivyopatikana, na kwa jinsi yanavyotumiwa. Aliyeyatwaa kwa nguvu si mtawala wa haki, isipokuwa baadaye raia wenyewe wamkubali, au mkubwa mwenye mamlaka ya juu amthibitishe.

Tuyashike maneno hayo, kwa maana tutayahitaji huko Mpala.

Mapadre Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Ujiji wakati ule ulikuwa mji mashuhuri wa biashara, mwisho wa njia ndefu ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliofungwa kamba shingoni walipita hapo pia. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa Waarabu na Waswahili toka pwani, lakini tusiseme uongo: watemi wengi wa bara waliwauza jirani zao, na mataifa ya Kikristu ya Ulaya yalikuwa yamevusha mamilioni ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi kabla ya hapo. Dhambi ile haikuwa ya dini moja wala ya rangi moja.

Joubert alikuja na msafara wa mwaka 1880. Kazi yake ilikuwa kulinda vituo vya mapadre. Hatari haikuwa ya kuwaziwa tu. Tarehe 4 Mei 1881 huko Rumonge, upande wa Burundi, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop, ambaye naye alikuwa Zouave wa zamani, waliuawa katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekombolewa. Joubert alitumika ziwani hadi mwaka 1885, kisha akarudi Ulaya.

Mwaka huohuo wa 1885 jambo kubwa likatokea. Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoongozwa na Leopoldo wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, kilikuwa na vituo viwili vinavyotazamana ziwani: Karema upande wetu, na Mpala upande wa pili. Chama kiliviacha, na vyote viwili wakapewa Mapadre Weupe. Pamoja na nyumba na mashamba ya Mpala, mapadre walirithi utawala wa watu wa nchi ile, Watabwa na jirani zao. Lavigerie aliona kwamba hapa ndipo wazo lake laweza kupata mwili. Lakini padre hawezi kuwa hakimu wa damu wala jemadari. Ndipo Lavigerie akamwita tena Joubert, naye akafika Mpala mwaka 1887 akiwa mkuu wa serikali na wa vita.

Hapa hatuna budi kusema jambo lisilopendeza. Utawala ule wa Mpala ulipatikanaje? Kituo kilijengwa mwaka 1883 na ofisa Mbelgiji, Kapteni Emili Storms. Huyu alitaka kutawala nchi yote ya jirani. Mwezi Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtemi mwenye nguvu wa Watabwa, wakamwua na kumkata kichwa, na fuvu lake likachukuliwa Ubelgiji. Ni kweli kwamba Lusinga mwenyewe alikuwa ameteka na kuuza watu wengi. Lakini kumwua mtu na kuchukua kichwa chake kama pembe ya mnyama si hukumu ya haki. Basi kiti ambacho Joubert alikalishwa kilikuwa na damu miguuni pake, ingawa si yeye aliyeimwaga. Kwa kipimo cha Mtakatifu Tomaso, mamlaka hayo yalikuwa na kasoro katika chanzo chake. Yangeweza kuponywa kwa njia gani? Kwa kukubaliwa na raia, na kwa kutumiwa kwa manufaa yao.

Joubert alifanya nini? Kwanza, hakutawala kwa mbali. Mwaka 1888 alimwoa mwanamke wa nchi ile, Agnes, kwa sakramenti takatifu. Katika siku zile Wazungu wengi waliishi na wanawake wa Afrika bila ndoa na kuwaacha walipoondoka. Joubert alifunga ndoa mbele ya Kanisa, wakazaa watoto wengi, akawalea, na wawili wa wanawe wakawa mapadre. Mtawala ambaye watoto wake ni watoto wa nchi hawezi kuiona nchi kuwa mali ya kupakia meli na kuondoka nayo.

Pili, aliwakusanya vijana wa nchi, akawafundisha kazi ya ulinzi, akasimama kati ya vijiji na wateka watumwa. Waliokimbia walipata mahali pa kujificha, na vijiji vikajengwa kuizunguka boma. Kusini ya Mpala, huko Mrumbi, alijenga makao yake na kuyapa jina la Mtakatifu Ludoviko. Jina hilo latosha kutuonyesha alichokuwa nacho moyoni. Alikuwa hakimu wa watu katika mashauri yao, wakati mapadre wakishika kanisa, shule na yatima waliokombolewa. Hivyo mamlaka mbili za Papa Gelasio zilikaa kando ya ziwa moja, kila moja na nyumba yake.

Tatu, alivumilia upweke. Jirani yake mwenye nguvu alikuwa Muhamadi bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara mkuu wa Ujiji, ambaye watu wake walienea pande zote za ziwa. Kwa miaka kadhaa Joubert alikuwa na bunduki chache na baruti haba. Huko Ulaya, mwaka 1888, Lavigerie, ambaye sasa alikuwa Kardinali, alizunguka toka Paris hadi London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa, kwa agizo la Baba Mtakatifu Leo XIII, ambaye mwezi Mei mwaka huo alikuwa ameulaani utumwa katika barua yake kwa maaskofu wa Brazili. Matunda ya mahubiri yale yalifika ziwani mwaka 1891, wakati Chama cha Kibelgiji cha Kupinga Utumwa kilipomleta Kapteni Jacques na watu wake. Jacques akaanzisha kituo cha Albertville, mji uitwao leo Kalemie. Mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, na nguvu zake katika ng'ambo ile zikavunjika.

Je, ufalme wa Kikristu ulikuwa umesimama? La. Ulikuwa umeisha. Nchi ile tangu mwaka 1885 ilihesabiwa kuwa ndani ya Dola Huru ya Kongo, na dola ilipopata nguvu za kufika ziwani, Joubert hakuwa tena na nafasi ya mtawala. Naye Lavigerie alikuwa amejaribu mwaka 1891, huko Biskra katika Algeria, kuanzisha ndugu wenye silaha wa jangwa la Sahara, kwa mfano wa mashirika ya mashujaa watawa wa karne za kati. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1892, na mwezi Novemba mwaka huohuo Kardinali akafariki. Joubert akapoteza ufalme kwa mara ya pili.

Hapa ndipo fundisho kali lilipo. Ile Dola Huru ya Kongo iliyokuja badala yake ilikuwa chini ya nani? Ilikuwa mali ya Leopoldo wa Pili, mfalme aliyebatizwa, mwana wa Kanisa Katoliki. Kwa jina la kukomesha utumwa aliipata nchi. Na kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu watu wake waliwalazimisha raia kufanya kazi, wakawapiga, wakawakata mikono, wakateketeza vijiji, hata ulimwengu ukapiga kelele na Ubelgiji ikamnyang'anya nchi hiyo mwaka 1908. Kwa kipimo cha Tomaso wa Akwino, yeye atafutaye faida yake mwenyewe kwa jasho na damu ya raia ni mdhalimu, hata akiwa na cheti cha ubatizo na taji ya dhahabu. Kapteni mmoja katika boma la udongo alimshinda mfalme yule kwa kuujua utawala wa Kikristu.

Lakini tusiivishe sifa picha isiyo yake. Joubert naye alitawala watu ambao hawakumchagua, kwa nguvu ya bunduki zilizotoka mbali. Watabwa walikuwa na wakuu wao, mila zao na njia zao za kuamua mashauri kabla ya mgeni yeyote kufika. Wengi walimkimbilia kwa sababu walitaka ulinzi, na kukimbilia ulinzi ni namna ya kukubali. Lakini si kukubali kulikokamilika. Aidha, mtu anayepata ngao na neno la Mungu kwa mkono mmoja aweza kushindwa kuvitenga, akadhani ubatizo ni ushuru wa kulipia usalama. Hatari hiyo ndiyo hekima ya Gelasio iliyotaka kuizuia, na Mpala ilikuwa karibu nayo kila siku.

Yaliyofuata katika maisha ya Joubert ndiyo yatupendezayo zaidi. Mtu aliyenyang'anywa utawala huwa na uchungu, hukimbia, au hutafuta kisasi. Joubert alibaki. Hakurudi Ufaransa kudai cheo wala pensheni ya heshima. Aliendelea kukaa Mrumbi, halafu akahamia Misembe, jirani na Moba, kati ya watu walewale aliokuwa amewatawala. Alilima, alisali, alifundisha, aliwasaidia mapadre, aliwashauri waliomjia. Hakuwa mwenyewe katika roho hiyo. Upande wetu wa ziwa, huko Karema, Adriani Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni akakombolewa na kufundishwa uganga huko Malta, alitumika kama mganga na katekista tangu mwaka 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956, pasipo upanga wala boma. Mmoja alianza na mamlaka na mwingine na minyororo. Wote wawili wakaishia katika utumishi.

Kapteni Joubert alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85. Alikuwa ameishi Afrika zaidi ya miaka 40.

Sasa sisi tufanye nini na habari hizi? Tangu siku zile ziwa letu limewaona watawala wengi. Wajerumani walileta reli hadi Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, kisha wakaja Waingereza, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulieleza wazi kwamba Kanisa na serikali ni vyombo viwili, kila kimoja huru katika uwanja wake, vyote vikiwatumikia watu walewale. Haikuwa habari ngeni kabisa: ni fundisho la zamani lililosafishwa kwa maumivu ya karne nyingi, yakiwamo yale ya Mpala.

Kwa hiyo asiwepo kati yetu anayetamani Kanisa lishike tena upanga. Lakini pia asiwepo mlei anayesema kwamba mambo ya serikali ni machafu, kwa hiyo Mkristu ayaache. Usukani ulioachwa na wenye haki hushikwa na wengine. Baba na mama wa jamaa ni watawala wa kwanza ambao mtoto huwaona. Nyumbani ndiko ajifunzapo kama mkubwa hula kwanza au hugawa kwanza, kama kosa la mwenye nguvu huhukumiwa sawa na la mnyonge. Mtoto huyo kesho atakuwa mwenyekiti wa mtaa hapa Katubuka, au diwani, au hakimu, au mpiga kura tu. Na twapokwenda kumchagua kiongozi tusimwulize tu kama ni wa dini yetu. Leopoldo wa Pili alikuwa wa dini yetu. Tuulize alichumaje alichonacho, amewatumikia akina nani, na kama ataweza kukaa kati ya watu wake siku atakapovuliwa cheo.

Kapteni Joubert aliweza. Alikaa miaka zaidi ya 30 bila utawala miongoni mwa raia wake wa zamani, na hao ndio waliomzika.